Plastiki Nyumbani: Ipi Ina Mnunuzi, Ipi Inabaki Nasi

Mvua za masika zinapokaribia, kazi ya kwanza mitaani ni kuzibua mitaro. Ukisimama karibu na vijana wanaoifanya kazi hiyo, iwe Kisauni, Likoni, Changamwe au ndani ya kisiwa, utaona kinachotoka humo ni kilekile: chupa za maji, vifuko vya nailoni, vipakiti vya biskuti na sabuni ya unga, nepi za kutupa, na zile sahani nyeupe nyepesi za chakula cha kubeba. Maganda ya ndizi na mabaki ya sukuma wiki hayamo. Yaliingia mtaroni pia, lakini yameshaoza yakaenda na maji. Plastiki haiozi hivyo. Jua huikausha na kuivunja vipande, vipande vikawa chembe, na chembe hizo zikabaki mchangani na majini.

Mengi ya hayo wakazi wanayajua. Swali linalobaki ni la vitendo zaidi: nifanye nini na plastiki iliyoko nyumbani mwangu leo? Jibu linaanza kwa kutambua kwamba plastiki si kitu kimoja. Iko yenye mnunuzi, ambayo ikitunzwa safi itaondoka mtaani kwa mizani na kurudi kiwandani. Na iko ambayo hata ukimpa mwokota chupa bure atakurudishia. Ya kwanza tuitenge. Ya pili tuipunguze kabla haijaingia mlangoni, kwa sababu ikishaingia haina pa kwenda ila jaani, motoni au baharini.

Kutoka mlangoni hadi baharini

Taka zinazokusanywa katika kaunti yetu hupelekwa jaa la Mwakirunge, upande wa Kisauni. Wanaolikumbuka jaa la Kibarani, kando ya barabara ya Makupa, wanajua ilivyokuwa: taka na bahari vilipakana, na upepo ulipovuma nailoni ziliruka zikatua majini. Kibarani pamefungwa, pakapandwa miti na nyasi, lakini umbo la mji wetu ni lilelile. Kisiwa kimezungukwa na maji, Tudor upande mmoja, Kilindini na Port Reitz upande wa pili, na maji ya mvua yanayopita mitaani mwisho wake ni huko. Chupa iliyoangushwa mtaroni asubuhi ya mvua kubwa inaweza kuwa baharini kabla ya adhuhuri.

Kituo chake cha kwanza mara nyingi ni mikoko. Mti wa mchu, ambao umejaa katika mkono wa bahari wa Tudor, hupumua kwa vijiti vinavyochomoza topeni kama vidole. Tope la mikoko halina hewa, kwa hiyo mti hutegemea vijiti hivyo. Maji yakijaa huleta nailoni, yakipwa huziacha zimevifunika, na mti ukanyimwa pumzi. Miche michanga nayo hulazwa chini na uzito wa taka. Humo kwenye mikoko ndimo kamba, kaa na samaki wengi wanamokulia wakiwa wadogo, hivyo anayeishi kwa kuvua au kwa kuuza samaki anapoteza kitu kila mche unapokufa, hata kama hajawahi kukanyaga tope lile.

Mbele zaidi, katika Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyotangazwa mwaka 1986, kuna kasa. Chakula kimojawapo cha kasa ni yavuyavu, na mfuko wa nailoni unaoelea hufanana nalo mno. Kasa aliyemeza nailoni huzibwa matumbo, hewa ikamjaa ndani, akabaki anaelea juu ya maji bila uwezo wa kupiga mbizi kutafuta chakula.

Kifuniko chenye maji

Madhara mengine hayaendi mbali hivyo. Yanabaki uani.

Homa ya dengi ililipuka Mombasa mwaka 2013. Mwishoni mwa mwaka 2017 ikaja chikungunya, ikaendelea hadi mwaka uliofuata, na wengi waliougua wanakumbuka maumivu ya viungo yaliyodumu wiki nyingi baada ya homa kupoa. (Jina lenyewe la ugonjwa huo limetoka kwa jirani zetu Wamakonde, kwa neno linaloeleza jinsi mgonjwa anavyopindika kwa maumivu.) Magonjwa haya mawili huenezwa na mbu aitwaye Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Chandarua cha usiku hakitoshi kumzuia.

Mbu huyu hapendi mtaro mchafu. Anataka maji safi yaliyotuama katika chombo kidogo: kopo lililokatwa, chupa iliyolala na mdomo juu, tairi, hata kifuniko cha ndoo kilichosahaulika nyuma ya nyumba. Hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Maji yakikauka, mayai hayafi. Hubaki yameganda pale kwa miezi, na mvua ya kwanza ikiyafikia, huanguliwa. Kwa joto letu la pwani, siku saba hadi kumi zinatosha kuyafanya mbu kamili. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake ni nusu ya kazi. Chombo kinachobaki na kutumika kisuguliwe ndani, na kile kisichotumika kiondolewe.

Hapa pana jambo linalotugusa sisi wenye shida ya maji. Nyumba nyingi zina mitungi ya lita 20 imepangwa ukutani, kwa sababu mfereji hautoi maji kila siku. Mitungi hiyo si taka na hakuna anayewaambia wakazi waiondoe. Mtungi uliozaliwa kubeba mafuta ya kupikia na ukateka maji kwa miaka kumi ni mfano mzuri wa plastiki iliyotumika ipasavyo. Kinachotakiwa ni kizibo chake kiwepo na kikaze. Mtungi uliopoteza kizibo, ukabaki wazi na maji nusu, ndio unaofuga mbu.

Nailoni si ya kuwashia jiko

Jikoni ndiko plastiki inakotufikia kwa ukaribu zaidi, na pengine ndiko tunakoihofia kidogo kuliko kwingine kote. Tabia ya kuwasha jiko la makaa kwa kipande cha nailoni au cha mtungi imeenea kwa sababu moja ya wazi: inafanya kazi. Plastiki nyingi hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli au gesi, kwa hiyo hushika moto haraka na kudondoka juu ya makaa ikiwaka.

Lakini moshi ule mweusi si moshi wa kuni. Plastiki ikiungua kwa moto mdogo wa jikoni au wa uani haiishi kabisa, hugeuka masizi na gesi. Vipande vya mabomba ya plastiki na ngozi za nyaya za umeme ndivyo vibaya zaidi, kwa kuwa vina klorini ndani. Vikichomwa hutoa gesi inayochoma koo na macho, pamoja na sumu za kundi la dioksini, ambazo hukaa mwilini miaka mingi na zinahusishwa na saratani. Anayeinama juu ya jiko kupuliza ni mama au dada mkubwa, na mara nyingi yuko mtoto mgongoni. Kama juu ya makaa hayohayo patawekwa muhogo, mahindi au mishkaki, masizi yanaingia chakulani.

Pwani hatuna udhuru mkubwa wa kukosa cha kuwashia. Makumbi ya nazi yaliyokauka huwaka upesi, na kifuu kilichovunjwa vipande vitatu hushika moto na kukaa nao hadi makaa yakolee. Muuza nazi sokoni huwa na rundo la makumbi analotafuta wa kumpunguzia. Karatasi kavu nayo inatosha.

Tabia ya pili ni kufunika wali, ugali au maharagwe kwa nailoni ndani ya sufuria ili mvuke usitoke. Nailoni laini haikutengenezwa kwa joto hilo. Joto na mafuta ndivyo vinavyoongoza katika kuzitoa kemikali kwenye plastiki na kuziingiza kwenye chakula, na sufuria ya pilau ina vyote viwili. Jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika linafanya kazi hiyohiyo, na harufu yake haimkeri mtu. Ukikosa jani, sahani ya bati au kifuniko kilichowekewa jiwe safi juu yake kitabana mvuke vya kutosha. Kwa sababu hiyohiyo, chai ya moto, supu na viazi vilivyotoka kwenye karai visitiwe kwenye kifuko cha nailoni. Nenda na hotipoti, kikombe chenye kifuniko au bakuli lako.

Geuza chombo usome chini

Sasa turudi kwa mnunuzi. Geuza chupa au ndoo uangalie chini yake. Mara nyingi utakuta pembetatu ya mishale na namba kati ya 1 na 7. Alama hiyo haisemi kwamba chombo hicho kitachakatwa upya. Inataja tu aina ya plastiki, na aina ndiyo inayoamua kama kuna anayeitaka.

Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 2 ni plastiki nzito isiyopenyeza mwanga: mitungi, chupa za sabuni ya maji, za dawa ya madoa na baadhi ya chupa za maziwa. Namba 5 ni ndoo, beseni, viti, vifuniko na makopo ya siagi. Hizi tatu ndizo wanunuzi wa mtaani wanazozitafuta, na ndizo unazoziona zimejazwa kwenye magunia juu ya mkokoteni. Namba 4, ambayo ni nailoni laini, huchakatwa mahali pengine, lakini ni nyepesi mno na huchafuka mno, hivyo ni wachache wanaojisumbua nayo. Namba 3, yaani mabomba, inataka kiwanda chake peke yake. Namba 6 ndiyo zile sahani nyeupe nyepesi na vikombe vya kutupa. Gunia zima la vitu hivyo ni karibu hewa tupu, na gharama ya kulibeba inazidi thamani yake. Namba 7 ni mchanganyiko wa kila kitu kingine.

Halafu kuna vipakiti, ambavyo mara nyingi havina namba yoyote. Kipakiti cha kripsi, cha biskuti, cha kahawa au cha viungo kinaonekana kitu kimoja, kumbe ni tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja, mara nyingi plastiki za aina mbili na utando mwembamba wa aluminiamu katikati. Tabaka hizo huzuia unyevu na hewa vizuri sana, na ndizo zinazozuia pia kisichakatwe, kwa kuwa kuzitenganisha ni kazi ghali. Usipoteze muda kukusanya vipakiti ukitarajia mnunuzi. Hesabu ni vingapi vinaingia nyumbani kwa wiki, uone ni vipi unaweza kuviacha dukani.

Kwa zile zenye mnunuzi, usafi ndio bei. Chupa nusu lita ya maji ina uzito wa gramu 10 hadi 20, kwa hiyo kilo moja inataka chupa kati ya 50 na 100. Mwokota chupa anaishi kwa kujumlisha vitu vyepesi. Chupa iliyokaa siku tatu ndani ya mfuko mmoja na mabaki ya samaki na maganda ya viazi inamlazimu aioshe, na maji ya kuoshea ananunua. Anaiacha. Chupa ileile ikisuuzwa kwa maji kidogo yaliyobaki baada ya kuosha vyombo, ikakandamizwa na kuning'inizwa jikoni katika gunia, ataipigia hodi mwenyewe. Kuhusu vizibo, muulize mnunuzi wako anavyotaka. Kwa kawaida kizibo na chupa ni plastiki mbili tofauti, na kiwandani hutenganishwa kwa njia rahisi ajabu: zote husagwa na kutiwa majini, vipande vya chupa vikazama na vya kizibo vikaelea.

Kaya haihitaji mapipa ya rangi saba. Inahitaji vyombo viwili: ndoo yenye kifuniko ya vitu vinavyooza, na gunia la vitu vikavu. Nepi, pamba na uchafu wa namna hiyo viwekwe kando ya vyote viwili.

Kununua kadogo bila kipakiti

Watu wengine hupenda kushauri kwamba tununue vitu kwa wingi ili kupunguza vipakiti. Ushauri huo ni sahihi kwa mwenye mshahara wa mwezi. Kwa anayelipwa jioni kwa kazi ya siku hiyo, kadogo si uvivu. Ndio uwezo wake. Hawezi kuambiwa anunue kilo tano za sabuni.

Lakini kadogo si lazima kije ndani ya kipakiti. ATM za maziwa zimeenea mitaani, na zinampa mteja maziwa ya shilingi alizonazo ndani ya chupa yake mwenyewe. Maduka mengi sasa yana mafuta ya kupima na sabuni ya maji ya kupima. Viungo vya pilau, dengu, mchele, sukari na majani ya chai hupimwa Kongowea na Marikiti kwa kiasi chochote, na mwenye kopo lake hapewi karatasi wala nailoni. Kwa bidhaa nyingi, kiasi kilekile kikipimwa huwa rahisi kuliko cha kipakiti, kwa sababu gharama ya kufungasha haimo. Tofauti yote ni kutoka nyumbani na chombo. Anayetoka na chupa mbili na kopo moja ndani ya kikapu cha miyaa anarudi na mahitaji ya siku bila kipakiti hata kimoja.

Kikapu hicho tusikionee haya. Pwani ilibeba samaki, embe na muhogo ndani ya pakacha na vikapu vizazi na vizazi kabla nailoni haijafika, na mafundi wa kusuka miyaa bado wapo. Ile mifuko ya rangi inayouzwa madukani, inayofanana na kitambaa, mingi yake si kitambaa. Ni nyuzi za plastiki namba 5 zilizobanwa kwa joto. Ukiwa nayo, itumie mpaka ikatike, lakini usinunue mpya kila Jumamosi ukidhani itaoza. Vikombe vya karatasi vya kahawa navyo vimepakwa plastiki ndani, la sivyo vingelowa.

Kwa wenye watoto wachanga: nepi ya kutupa ina plastiki nje na chembe za plastiki za kunyonya mkojo ndani, na haina mnunuzi popote. Si kila mzazi anaweza kuiacha. Kutumia nepi za kitambaa mchana mtoto akiwa nyumbani, na za kutupa usiku au safarini, kunapunguza idadi kwa nusu au zaidi, na pesa vilevile.

Shughuli zetu

Kuna siku ambazo nyumba moja hutoa taka za mtaa mzima: harusi, matanga, maulidi, futari ya pamoja. Chukua harusi ya wageni 400. Kila mgeni akipewa chupa mbili za maji, ni chupa 800 kabla ya kuhesabu sahani, vijiko na vikombe vya kutupa. Kesho yake vyote viko nje ya lango, na mara nyingi vinachomwa hapohapo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba utaratibu mzuri tulikuwa nao. Pilau ililiwa kwenye sinia, watu wanne au watano, na hakukuwa na sahani ya kutupa wala kijiko. Masinia hayajatoweka. Misikiti, vyama vya akina mama na wapishi wa shughuli wanayo, pamoja na masufuria makubwa na majagi, kwa kuazima au kwa kodi ndogo. Maji yanaweza kutolewa kwenye mtungi mkubwa wenye bomba, na bilauri za kuosha kando yake, na vijana wawili wa kusimamia uoshaji. Ikiwa wenye shughuli wataona lazima watumie chupa, basi wawekwe watu wa kuzikusanya zikiwa safi kabla hazijachanganyika na mabaki. Mnunuzi akijulishwa siku moja mbele, atakuja na gunia lake.

Sheria inasemaje

Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutekelezwa nchini tarehe 28 Agosti 2017. Wengi wanaielewa kuwa ni ya mifuko yenye mikono tu. Sivyo. Tangazo la serikali lilitaja mifuko ya kubebea na mifuko bapa isiyo na mikono. Maana yake ni kwamba vile vifuko vya wazi vinavyotumika kuuzia njugu, barafu, mabuyu na mboga zilizokatwa vimo ndani ya marufuku. Kilichoachwa ni vifungashio vya kiwandani, ambapo bidhaa hufungwa moja kwa moja ndani ya plastiki inakotengenezwa. Adhabu inaweza kufikia faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka minne, kwa hiyo mfanyabiashara mdogo anayenunua vifuko hivyo kwa siri anabeba hatari kubwa kwa faida ndogo. Kwa vyakula vikavu mfuko wa kaki unatosha. Kwa vyakula vya mafuta, mteja aombwe kuja na chombo. Gazeti lililochapishwa lisitumike, wino wake huingia chakulani.

Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa, vikombe, sahani, vijiko na mirija, zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu, fuo na maeneo mengine yaliyohifadhiwa. Familia inayokwenda ufuoni Jumapili ichukue maji kwenye chupa ya kudumu na chakula kwenye hotipoti.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 ndiyo inayogusa nyumba na biashara zetu moja kwa moja. Inataka taka zisizo hatari zitengwe mafungu mawili, zinazooza na zisizooza, na ziwekwe kwenye vyombo vyenye alama na rangi za kuzitambulisha. Inawabebesha pia wenye viwanda wajibu juu ya vifungashio wanavyoviingiza sokoni, na hilo ni haki, kwa sababu mkazi hakubuni kipakiti cha tabaka tatu. Serikali za kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, ndizo zenye jukumu la kuzoa taka na kusimamia majaa.

Je, nikitenga, si zitachanganywa tena?

Hili ndilo lalamiko linalosikika zaidi, na ni lalamiko la haki. Mkazi anatenga kwa bidii wiki nzima, kisha mkokoteni au gari linapita, na kila kitu kinatupwa mahali pamoja. Kuwaambia watu waendelee kutenga bila kulijibu ni kuwavunja moyo.

Jibu ni kwamba vitu viwili kati ya vile vilivyotengwa havihitaji kupanda gari hilo kamwe. Gunia la chupa na mitungi mibovu mpe mwokota chupa mlangoni, au lipeleke mwenyewe kwa mwenye mizani mtaani. Katika majumba ya ghorofa, wapangaji wanaweza kukubaliana na mlinzi au msafishaji awe ndiye mkusanyaji, na pesa ziwe zake. Mpango huo hudumu kuliko kamati, kwa kuwa yuko mtu mmoja ambaye kila chupa inamfaa.

Ndoo ya vinavyooza nayo ina wateja. Wafugaji wa mbuzi, kuku na ng'ombe wa maziwa walio Kisauni, Likoni na Changamwe huchukua maganda na mabaki ya mboga, mradi wawe na hakika hamna nailoni ndani, kwani mbuzi aliyemeza nailoni hufa taratibu tumbo likiwa limejaa. Mwenye kiwanja hata cha hatua tatu anaweza kuchimba shimo la mboji, kufunika kila tabaka kwa majani makavu au mchanga, na kuweka mbali mabaki ya nyama na samaki ili paka na panya wasifukue. Kwa wale ambao ndoo yao lazima iende na gari, NEMA iliagiza mwaka 2024 kwamba taka zinazooza zifungwe katika mifuko inayooza kikamilifu. Kama mkusanyaji wenu anakubali kumwaga ndoo moja kwa moja, mfuko hauhitajiki kabisa.

Kinachobaki kupanda gari baada ya hapo ni kidogo: vipakiti, nepi, vifuko na vitu vilivyovunjika. Hata kikichanganywa, hakijaharibu chochote chenye thamani, na mzigo wa kwenda Mwakirunge umepungua.

Kabla ya mvua, zungukeni nyumba yenu siku ya mapumziko mkiangalia vitu vitatu: vyombo vilivyo wazi vinavyoweza kushika maji, plastiki iliyorundikwa nyuma ya jiko ikingoja kuchomwa, na mdomo wa mtaro ulio karibu nanyi. Viwili vya kwanza viko ndani ya uwezo wenu. Mtaro ukiwa umeziba kupita nguvu za wakazi, toeni taarifa mapema katika ofisi ya msimamizi wa wadi yenu. Tajeni mtaa, njia, na kitu kinachojulikana kilicho karibu, msikiti, kanisa au duka, ili wafanyakazi watakaotumwa wafike moja kwa moja pasipo kupoteza asubuhi wakiulizia.